Mdhamini

Mimi si mjomba wake. Hilo liandikwe kwanza.
Jaruba langu la chumvi limepakana na la mama yake
hapa Katwe, ukingo mmoja wa matope,
vigingi kumi na tisa nimevipigilia mwenyewe
tusiibiane maji.
Lakini fomu ina kisanduku cha uhusiano,
na karani wa Kasese alisema
kupakana si undugu.
Akaandika: mjomba.
Basi nikawa mjomba saa nne na robo asubuhi,
chini ya feni isiyozunguka.

Ithungu alikuwa na bahasha ya kaki kwapani,
imelowa jasho pembeni.
Ndani: matokeo yake, barua ya chuo cha Mbarara,
cheti cha kifo cha Bwambale, baba yake,
na karatasi ya mwenyekiti wa kijiji
aliyedai elfu tano ya wino
kwa mhuri uliotoka mkavu.

Maswali yalianza upande wake.
Nyumba yenu imeezekwa kwa nini? Bati.
Bati jipya? Limenizidi umri.
Mna ng'ombe? Hatuna.
Mbuzi? Alikuwapo.
Alikwenda wapi?
Alikuwa ada ya kidato cha sita.
Karani akapiga mstari, taratibu,
kama mtu anayepima kina cha maji kwa fimbo.

Kisha akanigeukia. Una mali gani?
Hapo ndipo nilipouona mzaha wa serikali:
mtoto athibitishe kwamba hana kitu,
mimi nithibitishe kwamba ninacho,
na sote tumetoka nyumba zilizowashiana moto alfajiri hiyo
kwa kijinga kimoja.

Nikataja jaruba. Nikataja baiskeli.
Sikuitaja mvua,
ambayo ikinyesha siku tatu mfululizo
huyeyusha mali yangu yote na kuirudisha ziwani
bila stakabadhi.

"Mkopo ni wa ada," alisema. "Chakula na kitanda shauri yenu.
Akimaliza, deni linaanza kuhesabiwa.
Asipolipa, tutakutafuta wewe."
Nikasema nitapatikana.
Miaka ishirini na sita napatikana mahali pamoja,
maji kiunoni.

"Tia dole gumba hapa."
Nikatia. Likatoka doa
jeusi, laini, kama mbegu ya papai.
"Tena." Doa.
"La kushoto." Doa.
Akanifuta kwa spiriti, akaugeuzia mkono wangu dirishani:
hakuna mistari.
Chumvi imelila jina langu
polepole, bila kelele, nami nikidhani nafanya kazi.
"Mzee, wewe huna alama," akasema,
na sikuwa mzee mpaka pale.

Ithungu hakulia.
Siku nyingine angekuja kunieleza
kwamba chumvi ni vitu viwili vilivyoshikana,
kimoja huwaka majini, kingine ni sumu.
Pale alisema tu: "Jaribuni kidole cha mwisho."

Kile kidogo cha kulia,
nilichokivunja utotoni kikabaki kimepinda,
hakishiki koleo, hakizami na wenzake.
Karani akakipaka wino, akakibonyeza.
Tukainama watu watatu:
duara ndani ya duara, mistari yote,
mimi mzima, nimeketi kwenye karatasi ya bodi.

Jina lake lilitoka Septemba, limekosewa herufi moja.
Kabugho, mama yake, aliniletea debe la mihogo,
hatukusema mengi.
Nami nikampa mtoto kilo kumi za chumvi nyeupe
akauze huko, anunue godoro.

Tangu siku ile, kabla ya kushuka ziwani,
nakifunga kidole kile kwa mpira wa tairi,
mafundo mawili.
Wenzangu wanacheka. Wacheke.
Miaka mitatu ya kusoma, ya kulipa sijui mingapi:
wakija na karatasi yao kuniulizia
wanikute.