Wastani

Maren amerudi na karatasi kutoka ofisi ya makocha,
imepigwa chapa, ina kijani panapostahili sifa.
"Mbio zetu, babu: yadi tano na robo tatu kila jaribio."
Navaa miwani. Navua.
Nimeshika mnyororo pembeni mwa uwanja wa Pell
miaka thelathini na mmoja, kila Jumamosi ya vuli,
upepo wa Nebraska ukinichapa shavu moja tu, la kaskazini.
Yadi kumi nazijua kwa goti.

"Nisomee moja moja."
Anasoma:
moja. Sufuri. Mbili. Tatu.
Hasi mbili (hapo Dequarius alidakwa
kabla hajaukumbatia mpira vizuri).
Moja. Sufuri.
Arobaini na moja.

Ananyamaza. Amejisikia mwenyewe.

Mtu ameshinda njaa siku saba,
ya nane akaalikwa harusini,
nanyi mkaandika: huyu hula vizuri.
Kibaba hujazwa kwa haba, mjukuu wangu,
na haba ndizo tusizo nazo.
Ile arobaini na moja naikumbuka, nilisimama pia,
nikamwaga kahawa kwenye koti la jirani.
Lakini beki wao aliteleza. Nyasi ndizo zilizokimbia siku ile.

Sasa weka karatasi chini, tazama kushoto.
Tobias Stroud, yule mlinzi mwenye shingo ya fahali:
tangu mechi ya tatu anaanza kwa mguu wa nyuma,
kama anayeshuka ngazi gizani.
Ni nyonga. Hajamwambia kocha.
Kila mbio ya upande wake inafika mlangoni
inakuta mlango umerudishwa.
"Umejuaje?"
Nimejua.
Misimu miwili nami sikumwambia mtu habari za goti.
Refa alikuwa akinisubiri, mpira chini ya kwapa,
anajifanya anafunga kamba ya kiatu,
mpaka nifike na fimbo yangu.
Kwenye vitabu vyao sikuwahi kuchelewa.

Leo tumekaa juu, safu ya kumi na tisa, blanketi moja.
Theluji nyepesi, isiyojua kama inataka kuanguka.
Robo ya nne, jaribio la nne, imebaki yadi moja,
na kocha, Mungu amsamehe, anaita kushoto.

Nawaona wakiinama. Mvuke unatoka kwenye kofia zao
kama kwenye zizi alfajiri.
Stroud anagusa nyonga. Mara moja. Anaweka mkono chini.
Kisha rundo,
miguu ya watu kumi na wengine juu yake,
na ndani kabisa, mahali fulani, mpira.

Wanauleta mnyororo.
Kijana mpya ana glovu nzuri, anatembea haraka mno;
mnyororo haupendi haraka.
Uwanja mzima umeshika pumzi.
Ncha ya mpira imeipita fimbo
kwa upana wa kidole. Kidole cha mtoto.

Hakuna aliyerusha kofia. Mwanamume nyuma yetu anasema,
"Yadi moja tu," anarudi kwenye karanga zake.
Stroud anainuka wa mwisho, kwa mafungu,
kwanza goti, halafu subira, halafu yeye.

Maren ameshika kalamu, hajui aandike wapi.
Andika hapa, namwambia. Moja.
Na hiyo ndiyo uipake kijani.