Risasi

Mama aliposikia kwamba kazi yangu
ni kutafuta risasi chini ya nyumba za watu wa Duluth,
alinyamaza. Nikasikia jogoo wa jirani yake.

Madini, mama. Madini tu.
Bomba la kale, laini kama nta.

Lorna Kivela, fundi wangu, hana maneno mengi:
weka sumaku. Ikinasa, ni chuma.
Isiponasa, kwaruza kwa ufunguo;
likimeta kama dagaa wabichi,
tia alama nyekundu.
Milinganyo ya msuguano nimeiacha chuoni.
Hapa ni magoti na tochi,
na koti la Idara ya Maji linalonizidi mabega.

Leo, nyumba ya kumi na moja.
Bi Delphine Kowalczyk, miaka themanini na miwili,
ameinjika birika kabla hatujashuka.
Chini, gizani: mitungi ya matango, kitanda cha mtoto,
bomba linaloota ukutani.
Nakwaruza.
Linameta.
Nakwaruza tena, pengine ufunguo umekosea.

“Watano nimewalea kwa maji haya,” anasema,
bila hasira, kama anayetaja bei ya mkate.
“Mtakuja lini kulibadilisha?”

Orodha inasema mwaka wa tatu kuanzia sasa.
Mkataba wangu unaisha Agosti.

Lorna anatazama dirisha, theluji, chochote.
Mwenye kalamu ni mimi.
Chai imeshamiminwa, inafuka,
na kikombe amekigeuza
mkono wake uelekee kwangu.