Kitasa cha Choo cha Nje

Pesa za rangi zimefika, Twalibu.
Nimenunua madebe mawili, rangi ya samli,
si nyeupe; nyeupe hapa Mtopanga
hugeuka chai kwa wiki moja.
Niru imekauka chumba cha mbele.
Vigae vimefika mlangoni, kikakosekana kimoja,
fundi akaunga vipande vitatu
pale utakapokaa mguu wa kabati.
Wewe hutaviona. Mimi nitavijua kila siku.

Msingi huukumbuki,
ulikuwa mgongoni, ndani ya leso ya mama.
Mimi nilikuwa darasa la pili. Lori likishusha mawe
nikihesabu, na baba akihesabu nyuma yangu,
maana dereva yule, alisema, hesabu yake ina mkia.

Kisha miaka.
Ukuta ulifika kiunoni ukasimama: karo yangu.
Ukafika kwenye linta ukasimama:
figo za mama, miezi minane, Makadara na kurudi.
Bandarini wakapunguza watu. Nyumba ikakaa kichwa wazi,
mvua za mwaka zikijiogea vyumbani,
nondo zimechomoza kama nywele za mtu
aliyeshtuliwa usingizini,
kunguru wakazigawana.
Waliojenga nyuma yetu wakahamia mbele yetu.
Chumba ambacho leo tunakiita chako
kiliota mpapai. Tuliula misimu mitatu
kabla baba hajapata moyo wa kuukata.

Juu ya fremu ya jikoni penseli yake ilikuwapo bado:
saruji 14, Mwinyihaji 200 bado, misumari
na neno lililofutika.
Mpaka rangi akauliza, nipite juu yake?
Nikasema ngoja. Nikamwuliza baba,
Mwinyihaji tulimlipa?
"Alikufa," akasema. "Mwanawe ndiye huyo
ameshika brashi."
Kijana akacheka, akapiga mkono wa kwanza,
akapiga wa pili.
Jioni nikamwongeza mia mbili. Hakuhesabu.

Sasa kumebaki kitu kimoja tu,
kitasa cha choo cha nje.
Nimekinunua mara tatu.
Alhamisi nakiweka dirishani, Ijumaa hakipo.
Niliwagombeza watoto. Nikamtazama vibaya
mwana wa Mwinyihaji, Mungu anisamehe.
Baba, kwenye kiti chake cha plastiki, akitikisa kichwa:
"Vitu siku hizi havikai.
Basi naje tena kesho. Kazi haijesha."

Leo asubuhi nilikuwa natafuta vikombe vya wageni.
Nyuma kabisa ya kabati, mkebe wa biskuti wa mama,
ule wa vifungo na sindano. Mzito.
Vitasa vitatu, karatasi hazijachanwa,
funguo zimefungwa kwa uzi mweusi
fundo lile lile alilokuwa akifungia makabrasha ya bandari.

Nikasimama nao mkononi.
Nje, ndala zikalia kwenye kokoto,
na sauti ya baba, ile ile ya siku za lori:
"Karibu fundi. Chai ipo.
Haya, leo twaanzia wapi?"

Miaka thelathini na mmoja, Twalibu,
kuna mtu akipita hapo asubuhi
kumwita mwenye nyumba,
hata nyumba ilipokuwa mstari wa chokaa mchangani.
Mama hayupo. Wewe uko Dammam.
Mimi kila jioni narudi kwangu Changamwe
na yeye hubaki na vyumba vitano
visivyovuja.

Nimefunika mkebe. Nimeurudisha nyuma ya kabati.

Nitumie elfu moja na mia tano, mwisho wa mwezi.
Mkeo akikuuliza za nini, mwambie za kitasa.
Na ukija Desemba, ukiingia choo cha nje,
mlango ushikilie kwa mguu
na uimbe kwa nguvu,
kama tulipokuwa na pazia la gunia.