Nyuzi za Kioo

Covilhã, theluji ya Februari.
Zulmira, karani wa mishahara, miaka ishirini na sita
amevuka ua na karatasi kifuani:
kilo za sufu, saa za ziada, nani kaugua.
Kiwanda kimezaa ghala, ghala likazaa duka Porto,
na waya ni ule ule
alioufunga marehemu Belmiro kwa kamba ya viatu
juu ya mashine ya kusokota.
Duka likiuliza rangi, mishahara inakwama;
ruta inakohoa kama mvuta kiko.

Jumatatu akaja fundi, Iolanda,
na mzingo wa mkongo begani.
"Hizi nazo ni nyuzi," akasema, "ila za kioo."
Wasokotaji wakacheka. Wakazishika hata hivyo,
kwa vidole vinavyojua uzi ukikaribia kukatika.

Alhamisi hesabu zilifika
kabla Zulmira hajavaa buti.
Akakaa. Akautazama ua,
mweupe, hauna nyayo.

Akavaa buti.
"Umeleta nini leo?" wakamuuliza mlangoni.
Akafungua mikono: hamna kitu.
"Nani kaugua?" akasema,
na wakamsogezea kiti.