Ukurasa wa Thelathini na Mbili

Alhamisi, baada ya alasiri, sebule ya Ami Nasor
inageuka darasa. Tunakunja mazulia ya wageni,
kiyoyozi kinakohoa kama mzee aliyenyimwa kahawa,
na watoto kumi na mmoja wa Ibra
wanaingia na pembe.

Pembe za maboksi ya maziwa,
pembe za karatasi ya fedha ya kufungia mikate,
na Hilal, ambaye mamake hakuusoma ujumbe wangu hadi saa tisa na nusu,
amevaa kofia yake ya viua
na juu yake kasimamisha vidole viwili.
"Hizi," anasema, "ni pembe za dharura."

Leo ni siku ya Bi Shinuna.
Picha yake tunayo moja, nyuma ya jalada:
miwani, ushungi, jicho la kushoto linacheka
kabla la kulia halijapata habari.
Aliandika vitabu vinne vyembamba. Mimi ninacho hiki,
kilichovuka ndani ya mto wa kulalia, baina ya sufi na foronya,
usiku mama alipofunga mizigo bila kuwasha taa.

Tunaanza. Mbuzi Kidawa kala nini?
Ndala za imamu! Kibandiko cha posta!
Nusu ya kanga, akabakisha nusu ya methali,
mtaa mzima ukagombana kuhusu iliyobaki!
"Mbuzi imekula —" anaanza Thuwaiba.
"Amekula," nasema. "Mbuzi yu hai. Anayepumua mpe a-."
"Na kiyoyozi?" anauliza Hilal. "Mbona kinapumua?"
"Kiyoyozi ni ki-vi, na maskini kinakata roho."

Kisha barua. Kiswahili chao ni cha jikoni kwa bibi,
hakijawahi kukalishwa mezani kikaandikwa;
u na o zinabadilishana viti:
*Bi Shinuna, kitabo chako kimenichekesha.*
*Bi Shinuna, una watsapu?*
*Mbozi wetu alikula leseni ya dereva. Je, ni ndugu?*
Nazikusanya, nazifunga kwa mpira.
Sijui posta ipi inafika aliko.

Halafu kazi yenyewe, ile ya kila mwaka.
Kitabu kinakatika ukurasa wa thelathini na moja:
kesho Idi, nje kisu kinanolewa,
Kidawa anatafuna ncha ya kamba yake.
Basi. Baada ya hapo ni uzi na gundi kavu.
Malizieni, nasema.

Wa kwanza kamtorosha mpaka soko la Jumatano, la wanawake watupu,
kavaa barakoa, anauza udi, hapunguzi bei.
Mwingine kamtumbukiza wadini siku ya mafuriko, akaibukia Sur.
Muhanna hakuandika neno. Kachora mlima na nukta.
"Nukta ndiye yeye. Yuko mbali, ndiyo maana."

Thuwaiba kakaa na karatasi tupu.
"Mwalimu, ukurasa haukupotea," anasema. "Kidawa ameula."
*Ameula.* Kwa a-, bila kusahihishwa.
Anakipandisha kitabu kwenye mwanga wa dirisha:
"Tazameni. Meno."

Kelele. Pembe zinagongana. Kila mmoja anataka kugusa.

Na mimi nasimama na chaki yangu.
Kwa sababu meno yale ni yangu.
Nilikuwa na miaka saba na pengo la mbele,
nikausoma ukurasa ule mara moja, mara moja tu,
nikaona walichomfanyia,
nikauchana, nikautia kinywani, nikautafuna mpaka ukaisha.
Ulikuwa na ladha ya gundi. Na chumvi, lakini chumvi ilikuwa yangu.
Mama aliutafuta chini ya vitanda vya nchi mbili.
Sikumwambia. Alikufa akiwalaumu panya.

Hilal, vidole vimeanza kumfa ganzi,
ananikagua toka ushungi hadi makubadhi.
"Mwalimu, wote tuna pembe. Wewe zako wapi?"

Naweka chaki chini.
Nainua vidole viwili.