Nafasi ya Mshono

Tepu yangu ya kupimia ina inchi sitini.
Miaka saba niliivuta kiunoni, mlango umefungwa,
ikaisha kabla yangu.
Niliweka kidole pale ilipokomea
nikahesabu zilizobaki kama deni la dukani.

Mimi ni fundi. Bombo nzima yavaa mkono wangu:
gomesi za ndoa, gurbaba zilizotariziwa za Idi,
sare za watoto wa kambini.
Najua kuficha tumbo la mtu kwa mkunjo mmoja.
La kwangu lilinishinda, pamoja na magoti,
pamoja na sukari, na pumzi iliyokatika usingizini
hadi Swaibu akawa ananiamsha ili nisife.

Daktari Kyeyune alichora tumbo kwenye karatasi.
"Tutakata hapa," akasema, "tutashona hapa,
litabaki jembamba, kama mkono wa shati."
Nikamuuliza swali la fundi:
"Na nafasi ya mshono, unaacha kiasi gani?
Maana mwili hubadilika."
Akacheka. Kisha hakucheka.
"Hatuachi. Kinachokatwa kinatupwa."

Niliuza overloki. Nikauza na mbuzi wawili.
Wiki mbili za maziwa yasiyo mafuta na mchuzi uliochujwa,
ini lipungue, lipishe chuma.
Siku ya tisa jirani akakaanga samaki,
nikajifungia chooni, si kwa haja,
nikalia kwa ajili ya kichwa cha ngege.

Wifi yangu Zubeda: "Wenzio wanaomba unene kwa Mungu.
Ukikonda, watu watasema silimu.
Wataanza kuwahurumia wanao."
Mama hakusema kitu. Alisonga asida, akanipakulia,
akaiacha mbele yangu mpaka ikaota ngozi.

Nilipozinduka, bega liliuma kuliko tumbo.
"Ni hewa," akasema Sista Ayikoru, "hewa tuliyokupulizia,
inatafuta njia. Inuka utembee."
Nikatembea korido, soksi za kubana, mrija mkononi,
kutoka dirishani, Kampala yote vilima na mabati,
hadi kwenye ndoo ya wapiga deki, na kurudi.
Maji: fenjani moja, ile ndogo ya kahawa ya bibi,
kwa saa nzima.
Nimewahi kumaliza birika la chai na mandazi sita
bila kukumbuka ladha yake.
Fenjani ile naikumbuka. Yale maji yalikuwa na kona.

Mwezi wa pili nilimeza yai haraka kidogo
(yai moja! nusu yake!),
jasho likanitoka, moyo ukakimbia kama cherehani isiyo na uzi,
nikalala sakafuni kati ya vipande vya kitenge
nikimlaani daktari, nikijilaani, nikimlaani kuku.

Mwezi wa nne, nywele. Zilitoka na kitana.
Zubeda akatazama kitana, akanitazama mimi.
"Sema," nikamwambia. Hakusema.
Sokoni walisema. Mwanamke mmoja alinishika kiganja,
akaninong'oneza zahanati inayotoa dawa bila foleni.
Nikamshukuru. Ningefanya nini,
nimfunulie makovu matano pale penye nyanya?

Leo tepu inanizunguka na mkia unaning'inia.
Ngozi haijapata habari; imebaki
kama nguo ya kuazima kwa dada mkubwa.
Usiku Swaibu hulala fofofo
nami hukaa macho, nikisikiliza kimya changu.

Kuna siku namtamani yule mnene.
Alikuwa na kicheko. Alikula pilau ya matanga hadi akafarijika.
Mimi sasa msibani naizungusha sahani,
na huzuni haina pa kwenda.

Jana nimepunguza gomesi yangu ya zamani, ile ya zambarau.
Nimekunja ndani inchi tisa kila upande.
Mkasi nilikuwa nao. Nikauweka chini.
Mama akapita, akaushika mshono, akaugeuza,
akaona kitambaa chote bado kimo.
"Hujakata," akasema.
"Sijakata."
Akaenda jikoni. Akarudi na asida
kwenye kisahani cha fenjani.