Hesabu ya Dobi

Mashati kumi na moja hayajachukuliwa.
Orrin Tuttle: kola mbili, deni senti sita.
Asahel Beech: lile lenye doa la wino
nililolisugua kwa limau hata kucha zikaniuma.

Jumatatu walikuwa darasani na Kilatini chao.
Jumatano walishuka kilima kwa ngoma,
vitabu wameviacha wazi, kama mtu
aliyetoka mara moja kuchungulia mvua.
Mwalimu wa hesabu aliwafuata hadi gatini,
chaki bado mkononi.
Hakusema kitu.

Mto huu wa Ohayo niliuvuka usiku,
mwaka ulipoganda, mwanangu mgongoni.
Virginia ile, pale ng'ambo, naijua.
Wao wameisoma kwenye ramani.

Lemuel wangu, anayewasha majiko ya bweni lao,
alipanga foleni nao, akawa wa tisa.
Karani hakuinua hata uso:
"Rudi kwenye kuni zako. Vita hivi si vyenu."

Si vyetu!
Nilicheka mpaka povu likaniingia machoni.

Sasa ni Novemba. Barua zilikuja, kisha hazikuja.
Kila jioni Lemuel ananoa shoka;
kuni zote alikwisha kuzipasua juzi.

Leo mama yake Asahel ametoka shamba, siku mbili njiani,
kuja kuulizia shati.
Nimempa. Deni nimelifuta.
Amelifunika usoni, akavuta pumzi,
kisha akanitazama kama niliyemwibia:
lilikuwa safi mno.